Pax na Amani: Ishara za Dini katika Sarafu za Roma

Pax ya Warumi imezoeleka kufasiriwa kwa neno moja tu la Kiswahili: amani. Fasiri hiyo si kosa, lakini haina budi kupimwa kwa ushahidi wa sarafu, maandishi ya dola yaliyopita mikononi mwa watu wa kila tabaka.

Tuanze na sarafu za Nero (54–68). Baadhi yake zina hekalu la Janus, ambalo kwa desturi milango yake iliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa vita vilipokoma. Maandishi yake yasema kwamba Nero alilifunga hekalu baada ya amani ya watu wa Roma kupatikana barani na baharini. Kitenzi cha Kilatini kilichotumika hapo chaweza kumaanisha kuzaa na pia kujipatia kwa juhudi. Amani hii, basi, ina mzazi, naye ni vita.

Vespasian (69–79) aliliweka wazi zaidi jambo hilo. Katika sarafu yake moja, Pax, mungu wa kike, ashika mwenge na kulichoma lundo la silaha. Katika nyingine, mwanamke anayewakilisha Yudea iliyoshindwa ameketi chini ya mtende kwa majonzi. Mhakiki akiitazama ya kwanza peke yake ataisifu. Akiziweka pamoja atauliza amani hiyo ni ya nani. Hekalu la Amani lenyewe, lililowekwa wakfu mjini Roma mwaka 75, lilihifadhi vyombo vilivyotekwa katika hekalu la Yerusalemu. Hata karne ya tatu, sarafu za Severus Alexander (222–235) zamwita Mars, mungu wa vita, mleta amani: mkono mmoja una tawi la mzeituni, wa pili una mkuki.

Sasa turejee kwenye neno letu. Amani, imani na amana zatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya usalama na uaminifu. Pax ina udugu na kitenzi cha kuwekeana mapatano, na katika sarafu hizi masharti ya mapatano ni ya mshindi. Mfasiri aandikaye “amani” bila ufafanuzi humkopesha mshindi uaminifu ambao neno lake halikuudai, na humnyamazisha yule mwanamke wa chini ya mtende mara ya pili.