Mzee wa 2009 Ndani ya Laptopu ya 2018

Kuna watu walionunua laptopu mpya na kabla ya wiki kuisha wakawa wameshafuta Windows 10 iliyokuja nayo, wakaweka Windows 7. Marafiki waliwacheka: "Manze, si ungenunua tu mashine ya zamani?" Mimi nadhani watu hawa wana hoja. Mfumo endeshi ni kazi iliyotungwa, sawa na filamu au riwaya. Kuna mtu aliyeamua kitufe kikae wapi, menyu ionyeshe nini, na wewe uruhusiwe kuzima nini. Anayeufuta ili arudishe wa zamani ametoa hukumu. Ni mhakiki, ila anahakiki kwa mikono. Hebu tuipime hukumu yake.

Windows 7 ilitoka Oktoba 22, 2009, watu wakiwa wamechoshwa na Vista. Ilikuwa na staha fulani. Menyu ya Start ilikaa konani ikingoja uiite, na ikifunguka ilikuonyesha programu zako, basi. Kuhusu apdeti, ilikupa hata chaguo la kutozitafuta kabisa. Windows 10, ya Julai 2015, iliingia kama mgeni aliyejipa funguo za nyumba: menyu inakupendekezea programu ambazo hukuomba, na ukiwa na toleo la Home, apdeti unaweza kuzichelewesha lakini si kuzikataa. Kwa upande wa adabu, mhakiki wetu ana haki.

Sasa jaribu kumwingiza huyo mzee kwenye laptopu ya 2018. Unaandaa flashi, unawasha, kisakinishi kinafunguka vizuri, kisha ghafla kinalalamika kwamba draiva ya CD au DVD haipo. CD gani? Mashine yenyewe haina hata tundu la CD. Ujumbe huu hukasirisha watu, lakini ukiusoma polepole una maana. Kuanzia kizazi cha Skylake cha 2015, Intel iliondoa kidhibiti cha zamani cha USB, ikabakiza cha USB 3.0 pekee. Windows 7 haikuzaliwa na draiva ya kidhibiti hicho. Kwa hivyo mashine inaisoma flashi mwanzoni, kisha Windows 7 inaposhika usukani, flashi ile ile inapotea machoni pake. Inauliza CD kwa sababu katika dunia yake, mgeni huja na CD. Ni kama babu anayeuliza kama barua ilipita posta ilhali umemtumia meseji.

Hapo hujamaliza. Diski za NVMe pia haikuzijua ilipotoka. Na kama laptopu ina UEFI tupu, isiyoweza kuigiza BIOS ya kale, mfumo unaganda kwenye skrini ya kuanzia, ukisubiri huduma ya picha ambayo haipo tena. Mafundi wana njia zao: wanafungua faili la usakinishaji, wanapachika draiva za USB 3.0 na NVMe ndani yake, wanalifunga, ndipo wanaanza upya. Ni kazi ya subira, karibu na ushonaji.

Hadi hapo hakuna mwenye lawama. Mlango umefungwa na wakati. Lakini kuna mlango wa pili. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba vizazi vipya vya prosesa vitahitaji Windows mpya. Mwaka 2017, mashine zenye Kaby Lake au Ryzen zilizokuwa na Windows 7 zikaanza kunyimwa apdeti, zikiambiwa vifaa vyake havitambuliwi. Kumbe mfumo ulikuwa unafanya kazi! Watu walikuwa wameshauweka na wanautumia. Mlango huu haukufungwa na wakati, ulifungwa na mtu. Hizi ni hadithi mbili tofauti, na kampuni hupenda tuzisikie kama moja: "Mashine yako imezeeka, pole."

Jambo hili si la wapenda kompyuta wa mbali. Pita Luthuli Avenue au Moi Avenue uangalie laptopu za ex-UK zinazouzwa pale. Si ajabu kukuta zenye Intel ya kizazi cha sita au cha saba. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya TPM 2.0, na orodha yake ya prosesa za Intel kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025. Mwanafunzi aliyejinyima ili anunue mashine hiyo anaambiwa ni kuukuu, ilhali inafungua, inaandika na inacheza video bila shida. Safari hii mfumo mpya ndio unaokataa mashine ya zamani, lakini kufuli ni la aina ile ile.

Hata hivyo, mhakiki wetu anakosea kwenye tiba. Ukipenda boga, penda na ua lake, na ua la Windows 7 lina matundu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani na kuvuruga hospitali za Uingereza. Mashine nyingi zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa kiraka kilichotolewa Machi mwaka huo huo. Tangu Januari 2020 msaada wa kawaida umekwisha, na Chrome iliishia toleo la 109. Kufungulia akaunti ya benki hapo ni kuacha mlango wazi ukisema unapenda upepo.

Kwa hivyo anachokitaka ni halali, ila amekitafuta mahali pasipofaa. Kama kuna programu ya zamani anayoihitaji, aiweke Windows 7 ndani ya mashine pepe, bila intaneti. Kama anataka kuamua mwenyewe kinachoendeshwa kwenye laptopu aliyoilipia, ajaribu Linux. Mint, kwa mfano, ina menyu inayokaa konani ikingoja kuitwa, inapata viraka vyake, na ile ex-UK ya kizazi cha sita haiulizi ilizaliwa mwaka gani.