Nusu ya Kurudi

Asubuhi iliyofuata mvua kubwa ya kwanza ya Septemba nilifungua mlango nikakuta kizingiti kimejaa mbawa. Kumbikumbi walikuwa wametoka ardhini usiku, wakaizonga taa ya barazani, kisha kila mmoja akazivua mbawa zake na kwenda zake kwa miguu. Wajukuu walikuwa wameshawaokota wote kwa ajili ya kikaango. Zilibaki mbawa tupu, kavu, rangi ya chai nyepesi, zikiruka kila ufagio ulipozigusa. Siku hiyohiyo binti yangu anayeishi Liège, Ubelgiji, alipiga simu kuniambia kwamba majani ya miti yao yameanza kuanguka. Nikamjibu kwamba na hapa pia kuna vinavyoanguka.

Vitabu vya shule huita majira yao yale vuli. Watu wa pwani wana vuli yao, mvua za Oktoba mpaka Desemba. Sisi wa Kisangani tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta: mchana na usiku hulingana mwaka mzima, mvua hupita milimita 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokosa kabisa. Hata hivyo kuanzia Septemba mvua huzidi, mto hupanda, na alfajiri ukungu hutoka majini ukaja kukaa juu ya mabati kama mgeni asiyetaka kukaribishwa mara mbili. Saa hizo kipimajoto huonyesha nyuzi 20 hivi. Binti yangu hucheka nikimwambia nimevaa sweta. Kwao, nyuzi 20 zikitokea, watu hukimbilia kukaa nje na mikono wazi. Namwambia kipimajoto hakijui umri wa anayekisoma.

Nimepita miaka sabini. Nilifundisha hesabu miaka mingi, nikazika mke, nikabaki na kazi moja inayonidai akili kila siku, nayo ni kutoka asubuhi, kutembea, na kurudi nikiwa na joto langu. Wanaoniona njiani hudhani napunga upepo. Huo ni ufundi, nao una vifaa vyake na makosa yake. Umenichukua muda mrefu kuujua kuliko logarithimu.

Misuli ndiyo mbabula ya mwili, jiko lake la makaa. Mtu akitembea, robo tu ya nguvu anayotumia, au pungufu, ndiyo inayomsogeza. Iliyobaki yote hugeuka joto. Kijana ana mbabula kubwa, makala tele. Mzee misuli yake imepungua, ngozi imekuwa nyembamba, na mishipa ya mikono na miguu huchelewa kujibana ili joto lisitoroke. Lililo baya zaidi ni kwamba mlinzi mwenyewe amelala: mzee huanza kupoa kabla hajasikia baridi. Ndiyo maana mjukuu akiniuliza, “Koko, unasikia baridi?” sijibu kwa kufikiri. Naweka kiganja shingoni, kisha najibu.

Kwa hiyo kuvaa. Kosa la wanaoanza ni kuvaa mpaka wapate joto mlangoni. Atokaye na joto atatoa jasho kabla hajamaliza mtaa wa pili, na jasho likishalowesha shati kila upepo unakuja kudai chake, maana maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Fundi hutoka akisikia baridi kidogo, akijua miguu itawasha makala njiani. Tena anajua kwamba kitambaa chenyewe hakina joto. Kazi yake ni kufungia hewa kati ya nguo na nguo. Nguo mbili nyepesi huishinda moja nzito. Mimi huvaa fulana ya pamba, shati, halafu sweta la mtumba nililolichagua sokoni robota lilipofunguliwa, limefumwa kwa mkono, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine. Kuna mzee fulani huko Ulaya alikuwa akitembea nalo majani yalipoanguka. Sitamjua, ila kiraka chake kimekaa vizuri.

Shingoni naweka kikwembe cha marehemu mke wangu kilichokunjwa mara nne. Wanaume wa hapa hawavai hivyo, na wapo wanaonitazama. Watazame.

Mkononi nabeba mwavuli, ambao ni fimbo isiyokiri uzee. Mfuko wa plastiki una shati la pili, kavu. Shati hilo silivai njiani hata nikilowa vipi. Ni la mwisho wa safari, na kulivaa mapema ni kama kula mbegu.

Halafu njia yenyewe. Udongo wetu mwekundu ukilowa huwa sabuni. Nimewaona vijana wenye viatu vya bei wakianguka chali mbele ya kanisa. Siku hizi sichagui mwenyewe pa kukanyaga. Nawatazama wanawake wanaotoka mashambani na mabeseni ya mihogo kichwani. Wao hawana ruhusa ya kuanguka. Pale wanapopita, ukingoni mwa majani, juu ya changarawe, nje kidogo ya mahali jicho lingependa, ndipo pa kupita. Hukanyaga kwa wayo wote, hatua fupi, bila kusimama ghafla. Nimejifunza zaidi nyuma ya beseni moja la mihogo kuliko katika karatasi ya mazoezi niliyopewa na daktari.

Karatasi hiyo siidharau. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kwa sisi wa miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya kutunza mizani ya mwili. Mwendo wa wastani una kipimo chake: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Hapa kwetu kipimo hicho ni chepesi, kwa kuwa hakuna anayetembea Kisangani bila kuzungumza. Mtaa huu husema “Jambo, Papa,” ule husema “Mbote,” na nusu ya watu huchanganya Kiswahili na Lingala katika sentensi moja bila kuona mshono. Salamu kwangu ni kituo. Nikiona nampita mtu bila kumuuliza wa nyumbani wameamkaje, najua nimezidisha mwendo.

Lakini yote hayo ni vifaa. Kiini cha ufundi nilikipata kwa aibu, Novemba ya mwaka juzi.

Siku hiyo jua lilitoka mapema, ukungu ukakimbia, miguu ikanidanganya. Kwa kawaida nikitoka nyumbani, katika komini ya Makiso, naelekea kaskazini mpaka mwembe mmoja mkubwa, pale unapoanzia upande wa komini ya Tshopo, kisha narudi. Siku hiyo niliupita. Nilikwenda mpaka daraja la mto Tshopo, nikasimama kutazama maji, nikafurahi kama mvulana aliyetoroka darasani. Nilipogeuka, goti la kushoto likakataa. Kisha wingu likaja. Nilikuwa nimeitumia nguvu yote kwenda.

Aliyenirudisha ni kijana wa toleka, mmoja wa wachache waliobaki, kwani pikipiki zimekwisha kuzifukuza baiskeli. Toleka ni Lingala, maana yake tupite, na miaka ya vita baiskeli hizo ndizo zilizoubeba mji huu mgongoni. Nilikaa nyuma nimemkumbatia kiunoni, nimelowa, mwavuli umevunjika ubavu, na barabara nzima ikaniona mwalimu wao wa hesabu aliyeshindwa kugawa kwa mbili. Kijana alinitoza bei ileile anayomtoza kila mtu. Heshima hiyo sijaisahau.

Tangu hapo najua: kijana hupima matembezi kwa alipofika, mzee hupima kwa alipogeukia. Mahali pa kugeukia hapachaguliwi na macho wala na uzuri wa asubuhi. Panachaguliwa nyumbani, kabla ya viatu kufungwa. Ukifika pale ungali na hamu, basi umefika salama. Hamu hiyo ndiyo inayokurudisha.

Jumapili huenda upande mwingine, kwenye kingo za mto mkubwa, nyuma ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, ambako mitumbwi huvuka kwenda Lubunga. Nikipata mtu wa kunipeleka, nafika mpaka maporomoko ya Wagenia, ya mwisho katika yale saba ya Boyoma yanayotoka Ubundu. Wavuvi wamesimika magogo ndani ya mawe, wakayafunga kwa kamba za msituni, na kwenye magogo wananing'iniza madema makubwa kuliko mtu, midomo imeelekea maji yanayoshuka. Watalii hupiga picha wavuvi wakitembea juu ya magogo kwenda. Mimi huwangoja wakirudi. Niliwahi kumwona mmoja, mzee kama mimi, amefika karibu kabisa na dema lake, akayatazama maji kidogo, akageuka bila kuligusa. Hakuna aliyempiga picha. Nilitaka kumpigia makofi.

Na Kiswahili hiki ninachoandikia kilifika hapa kwa miguu. Kilikuja na misafara kutoka mashariki, ile ya kina Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa eneo hili kwa jina la dola ya mfalme Leopold. Watu wa misafara walikuwa na desturi moja inayonipendeza: siku ya kwanza walitembea kidogo tu, wakapiga kambi karibu, ili aliyesahau kitu aweze kurudi kukichukua. Huo ni ufundi mtupu. Ila siwezi kuusifu nikanyamaza hapo. Katika misafara hiyohiyo walitembea watu wenye kongwa shingoni, nao hawakupimiwa nusu ya kurudi. Walipimiwa kwenda tu. Nikifunga kikwembe shingoni asubuhi, mara nyingine huwakumbuka, na siku hizo sipigi hadithi nyingi njiani.

Kwetu wenyewe kuna siku sita zisizo na matembezi. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigania mji wetu, na tulilala ukumbini, mbali na madirisha, tukihesabu makombora mpaka hesabu ikakosa maana hata kwa mwalimu. Mizinga ilipokoma, watu walitoka wakatembea. Hakukuwa na chakula wala umeme, na bado kila mtu alikuwa barabarani akielekea nyumba ya ndugu kuona nani yupo.

Turudi kwenye joto, maana nimeacha nusu yake. Anayeingia nyumbani hatakiwi kukaa kwanza. Akikaa, mbabula ya miguu inazimika, na unyevu wa mgongoni unaanza kazi. Avue, ajipanguse, avae lile shati kavu, ndipo akae. Mbabula ya makala yenyewe hukaa barazani. Sikubali iingie chumbani hata mvua inyeshe vipi. Makala katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mzee anayesinzia ndiye inayemtafuta kwanza. Juu ya moto kuna sufuria ya mchaichai na tangawizi iliyopondwa. Wapo wanaopendelea kahawa, na kweli robusta ni mti wa misitu yetu, umechunguzwa miaka na miaka kule Yangambi. Kwangu kahawa ni ya kuamkia. Tangawizi ndiyo ya kurudia. Nalishika bakuli kwa viganja vyote viwili, sinywi mpaka vidole vipate habari.

Sasa kuhusu ule mwembe. Tangu mwaka jana nimekuwa nikikutana hapo na mzee mwenzangu anayetokea ndani ya komini ya Tshopo. Yeye naye hugeukia pale pale. Mwembe ni mwisho wa nusu yake kama ulivyo mwisho wa nusu yangu. Hatukupanga. Tunasimama muda wa salamu kamili, ya nyumbani, ya watoto, ya magoti, kisha tunaligusa shina, yeye kwa fimbo, mimi kwa mwavuli, na kila mmoja anampa mwenzake mgongo. Sijawahi kufika kwake, wala yeye kwangu. Nyumba ya kila mmoja iko ng'ambo ya nguvu za mwenziwe. Niliwahi kumweleza jambo hili kwa hesabu, akacheka mpaka akaketi juu ya mzizi, halafu ikabidi nimvute asimame.

Jumatatu hakuja. Nikadhani mvua. Jumanne asubuhi ilikuwa kavu, na hakuja. Jumatano nilisimama chini ya mwembe mpaka jasho likaanza kunipoza, nikawauliza wauza mikate, wakasema hata wao hawajamwona.

Leo nimeamka kabla ya jogoo. Nimevaa fulana, shati, sweta, nimekunja kikwembe. Mfukoni nimetia nauli ya toleka, na katika mfuko wa plastiki mashati mawili makavu badala ya moja, kwani sijui nitamkuta katika hali gani. Nilipofika mwembeni ukungu ulikuwa haujaondoka. Nililigusa shina kwa mwavuli, kama kawaida, kisha nikapita.