Usawiri wa Wahusika Wawili: Tom na Jerry Mbele ya Sungura na Fisi wa Ugogo

Mtoto wa Dodoma anayewatazama Tom na Jerry anaweza kudhani anamwona Sungura akimchezea Fisi katika umbo geni. Ulinganishi huo una mvuto, lakini unaficha tofauti ya msingi katika uhusika.

William Hanna na Joseph Barbera waliwabuni paka na panya hao katika studio ya MGM. Filamu yao ya kwanza, Puss Gets the Boot, ilitoka mwaka 1940, paka akiitwa Jasper. Humo paka anaonywa kwamba akivunja kitu kimoja zaidi atafukuzwa. Panya analielewa onyo hilo upesi kuliko paka mwenyewe: anashika bilauri ukingoni mwa meza na kutishia kuiachia. Uhusiano wao umekwisha kujengwa hapo. Tom hasukumwi hasa na njaa. Anatetea nafasi yake katika nyumba isiyo yake, na hofu hiyo humfanya ahurumiwe hata anapostahili kipigo.

Fisi hana nyumba ya kupoteza. Tamaa yake ni ya tumbo, na katika uwanda wa kati wenye msimu mmoja wa mvua, uliopitia njaa kuu ya Mtunya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, tumbo si kichekesho kitupu. Methali ya njia mbili zilizomshinda fisi humwangamiza bila Sungura kuwapo kabisa: adui yake yumo ndani mwake.

Silaha ya Sungura ni ulimi. Hushawishi, husingizia, huapa. Akinyamazishwa, hakuna kisa. Jerry hushinda karibu bila neno, kwa pasi, mlango na mtego. Ukimya huo, ukisindikizwa na muziki wa Scott Bradley unaofuata kila hatua, humwezesha asiyejua Kiingereza kuifuata filamu bila mkalimani. Lakini ndio pia unaoiachia hadhira kazi ya kutazama tu, ilhali katika ngano watoto huitikia wimbo na kesho yake huweza kuyarudia maneno ya hila.

Kwa hiyo, hoja kwamba vibonzo vimechukua nafasi ya ngano haiwezi kusimama juu ya kufanana kwa washindi. Hata hesabu ya ushindi ina mashaka: Sungura hushindwa na Kobe mbioni, na Jerry naye, katika baadhi ya filamu 114 za Hanna na Barbera, hushindwa na Tom.