Kiendelezi Kilichofichwa

Barua pepe yenye kirusi ikifunguliwa, analaumiwa aliyebofya. Siafiki. Kosa ni la Microsoft, tangu Windows 95 ilipotoka ikiwa imeficha viendelezi vya faili, yaani herufi za mwisho wa jina zinazoonyesha aina ya faili, na hadi Windows 11 vimefichwa bado.

Rudieni tarehe 4 Mei 2000. Outlook inapokea barua, kichwa ILOVEYOU, aliyeituma ni mtu unayemjua. Kiambatisho ni LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows inaitambua .vbs, alama ya skripti, na kwa kuwa inaitambua, inaificha. Msomaji anabaki na .TXT, maandishi matupu yasiyoweza kudhuru. Anafungua. Skripti inajituma kwa kila anwani aliyoihifadhi, kisha inazifuta picha zake za JPG kwa kujiandika mahali pake. Mtu huyu alisoma alichoonyeshwa, akaamua sawasawa. Mashine ndiyo iliyojua ukweli wote ikanyamaza. Onel de Guzman wa Manila, aliyekiandika kirusi hicho, hakuhitaji kutunga uongo mkubwa, nusu yake aliikuta imeshatungwa.

Watetezi wa kuficha huko hudai kwamba kiendelezi kikionekana, mtu akibadili jina la faili atakifuta, faili ikatae kufunguka. Basi ataandika upya herufi tatu. Picha zilizofutwa atazirudishaje?

DOS iliyoitangulia Windows, pamoja na ufinyu wake wa majina ya herufi nane na tatu, ukiandika DIR ilikupa jina lote. Nimelisema hili miaka mingi na nitaendelea kulisema: ile ilikuwa mashine iliyomheshimu mtumiaji.

Nakubali, Microsoft imeongeza kinga nyingine. Ngome ya mtandao ya XP iliyowashwa tangu mwanzo mwaka 2004, antivirusi ya Defender ndani ya Windows 8, makro za mtandaoni kuzuiwa mwaka 2022: kazi nzuri.

Lakini fikirieni nyumba ya Kashuga, Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya Mweso kwenda Kalembe, kompyuta ikitegemea moto wa sola na mega za simu. Masasisho yanamaliza mega, kwa hiyo yanazimwa na antivirusi inachakaa. Faili inafika kwa flashi kutoka Goma, ni programu iliyoitwa facture.pdf.exe, imebandikwa alama ya PDF. Hapo mlinzi aliyebaki ni jicho, na jicho linaonyeshwa facture.pdf tu.

Kabla ya kuchomeka flashi yoyote, fungueni Explorer, wekeni tiki kwenye “Extensions de noms de fichiers”. Ni tiki moja, ambayo Microsoft ingeweza kuwawekea watu wote tangu tarehe 5 Mei 2000.