Foleni ya Malaba na afya ya dereva

Ushauri wa afya kwa wanaosafiri kikazi huandikwa kana kwamba kila msafiri analala hotelini: kunywa maji, nyoosha miguu, lala mapema. Dereva aliyetoka Mombasa na kontena la Kampala amekula zaidi ya kilomita 900 anapofika Malaba, na kitanda chake ni kile kilicho nyuma ya usukani. Kwake yeye, mabadiliko makubwa ya kiafya yalifanyika forodhani.

Zamani lori lilisimama mara mbili, upande wa Kenya kutoka na upande wa Uganda kuingia. Stakabadhi zilikaguliwa mara mbili, na siku zikapotea hivyo hivyo. Foleni ilikuwa na kanuni zake: huwezi kuliacha gari, maana ukigeuka mafuta yamenyonywa kwenye tangi na turubai limechanwa. Kwa hiyo unakula palipo karibu na bampa yako: chapati, nyama, chai yenye sukari ya kumfanya mtu akeshe. Choo ni kichaka. Mbu wa ukanda huu wa malaria wanaingia kwenye kebini kwa sababu huwezi kufunga madirisha na joto lile. Jioni baa zinawasha muziki, na mtu mwenye posho mfukoni hana pengine pa kwenda.

Mradi wa ROADS, ulioanza 2005 chini ya shirika la FHI kwa fedha za USAID, uliielewa ile jioni. Vituo vyake vya SafeTStop, Busia na Malaba vikiwemo, vilimpa dereva mahali pasipo na pombe pa kukaa, pamoja na ushauri nasaha na kipimo cha virusi vya ukimwi. North Star Alliance, iliyoanzishwa 2006 na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) pamoja na kampuni ya usafirishaji ya TNT, iligeuza makontena kuwa zahanati kando ya barabara kuu za Afrika, zikifunguliwa jioni madereva wanapoegesha. Kumbukumbu za mgonjwa huonekana katika kituo kinachofuata. Huo ndio ufundi wenyewe, maana hospitali kama ile ya Khunyangu, kule Butula katika kaunti ya Busia, haiwezi kumfuatilia mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye kesho atakuwa Kigali.

Kisha ikaja forodha ya pamoja. Ile ya Busia, mpaka jirani na Malaba, ilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni. Gari husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Maofisa wa Kenya wanaketi ng'ambo pamoja na wenzao wa Uganda, na wa Uganda huku. Sijaona semina ya lishe iliyowahi kumwondolea dereva usiku mzima wa kusubiri.

Foleni ilirudi 2020, vipimo vya korona vilipofanywa mpakani. Malori yalipangana kilomita nyingi kutoka Malaba kuelekea Bungoma, watu wakilala barabarani wakisubiri majibu, yaani ugonjwa ulizuiwa kwa njia iliyowarundika watu pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta cheti cha kielektroniki kilichosomeka katika nchi wanachama. Hata hivyo, Januari 2022 Uganda ilipodai kila dereva apimwe upya kwa kulipia, madereva waligoma na msururu ukarefuka tena.

Kilichobaki ni usingizi. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Miraa na kahawa humfungua macho kwa muda tu. Hazichukui nafasi ya usingizi. Sasa mpaka ukiwa mwepesi, saa zilizookolewa zinakwenda kwa nani? Dereva anayelipwa kwa safari atazitumia kuwahi mzigo mwingine, na tajiri wake atampigia simu akiona kwenye ramani kwamba gari limesimama. Maegesho yenye ulinzi, bafu na choo bado ni machache kati ya Eldoret na mpaka, na mkataba unaolipia saa za kulala ni nadra kuliko maegesho hayo.