Kanuni Nzuri, Shahidi Yuko Wapi?

Hapa Kampala Kiswahili chetu kina deni. Wazee wengi walikisikia kwanza mdomoni mwa askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya serikali ya pili ya Obote, watu waliipa misako ya jeshi jina la Kiswahili: panda gari. Maneno mawili tu, ni amri, na wapo waliopanda wasirudi. Ndiyo maana sisi tuliotoka Kongo tunaokaa huku Port Bell, tukisalimiana kwa sauti kwenye kituo cha teksi, mzee mmoja mmoja bado anageuza shingo. Basi mtu akiniambia eti jeshi limebadilisha tabia, mimi naangalia kwanza maneno. Nani anasema, anamwambia nani, na nani anaruhusiwa kujibu?

Tuanze na kanuni za nidhamu za NRA, jeshi la msituni lililoingia Kampala Januari 1986. Mwaka huohuo ziliwekwa ndani ya sheria. Kama maandishi ni mazuri, nasema bila kinyongo. Ni amri fupi ambazo hata askari asiyejua kusoma angezishika kichwani: asimtukane raia, asimpige, asichukue mali yake, akinunua alipe. Baada ya panda gari, hiyo ilikuwa lugha mpya kabisa. Wala haikuwa karatasi tupu, maana wapo askari waliopigwa risasi kwa kosa la kuua raia.

Lakini hebu soma tena. Kamanda anasema na askari. Raia yumo karibu kila mstari, ila yumo kama yai: lishikwe vizuri, lisivunjike. Hana mdomo. Akipigwa, wanaohukumu ni kamati za jeshi na mahakama za jeshi. Ahadi ina mwandishi, haina shahidi wa nje. Kasoro hiyo huwezi kuirekebisha kwa kuongeza kanuni nyingine.

Jicho la nje limewahi kujaribiwa. Mwaka 1974 Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu 25 Januari 1971, siku aliyochukua madaraka. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied, na pembeni yake walikaa maofisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi. Mashahidi walisikilizwa, ripoti ikaandikwa, haikuchapishwa.

Mwaka 1986 ikaja tume ya Jaji Arthur Oder. Pesa ziliwaishia njiani, kazi ikavuta miaka, lakini mwaka 1994 ripoti ilitoka. Watu walisimama hadharani wakasema “mimi niliona.” Hapo yule raia wa kwenye kanuni alipata mdomo wake. Sasa angalia mipaka ya kazi: kuanzia 9 Oktoba 1962 hadi 25 Januari 1986. Inakoma pale jeshi jipya linapoingia mjini! Tume ya Amin ilichunguza jeshi lililo madarakani, lakini haikuwa huru. Ya Oder ilikuwa na uhuru zaidi, lakini ilichunguza majeshi ya waliokwisha ondoka. Kumchunguza aliyeondoka ni kazi ya maana, wafu wanaidai. Lakini haimzuii aliyepo.

Kwa sisi Wakongo mfano mkubwa ni wa tatu. Mwaka 2001, baada ya ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu uporaji wa mali ya Kongo, Uganda iliunda tume chini ya Jaji David Porter. Safari hii waliohojiwa kwa kiapo walikuwemo maofisa wa jeshi lililopo. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitumia ushahidi wa tume hiyohiyo ya Kampala katika kuiona Uganda na hatia, na mwaka 2022 ikaamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kumbe neno lililosemwa mbele ya jaji na kuandikwa linaweza kukaa kimya miaka, halafu likasafiri.

Nyinyi wa mashirika, nina neno na ripoti zenu. Mnatuandikia kwamba askari kadhaa wamefundishwa haki za binadamu, mnahesabu semina. Semina ni kanuni ileile: mkubwa anaongea na askari, sisi yai. Hesabuni kitu kingine. Malalamiko mangapi yalifika kwa mtu asiyevaa magwanda? Mangapi yalijibiwa, na jibu lilimrudia nani?

Na sisi wakaaji wa kambi na wa mjini: Katiba ya 1995 ilianzisha Tume ya Haki za Binadamu, inayoweza kupokea lalamiko la mtu yeyote na kuamuru fidia, hata dhidi ya jeshi la leo. Imesema mtu yeyote, haikusema raia, na mkimbizi ni mtu. Makamishna wake huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, na fidia huchelewa sana, siwadanganyi. Hata hivyo, mwenye jambo aliandike, atie tarehe, aanze na neno “mimi,” abaki na nakala.