Kuipima Picha ya Unguja Ukiwa Msimbazi

Sikukuu ikiisha, Unguja huhamia Kariakoo. Watu wameshuka kwenye boti na simu zimejaa, na kwenye vibanda vya kusafisha picha kando ya Mtaa wa Msimbazi fundi anauliza: tutoe ipi? Wengi huchagua yenye buluu kali kuliko zote. Naumia kila nikiona hivyo, kwa sababu nzuri mara nyingi imebaki humo simuni, imerukwa kwa kidole.

Mimi huanza na maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari ya Unguja hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Huko Paje na Jambiani unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani. Lakini saa nne jua limeshakuwa kali. Mpiga picha anayeijua bahari hufika saa moja, maji yakiwa bado yanaondoka: mchanga umelowa na kulibeba anga zima, vivuli ni virefu, na wanawake wa mwani wanashuka na kamba zao. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa kupita tu. Aliyeipiga aliuliza wenyeji habari za maji tangu jana yake.

Halafu jua. Ukiambiwa "machweo ya Paje" na jua liko juu ya bahari, hayo ni mawio. Paje inatazama mashariki. Jua linalozama baharini utalipata Mji Mkongwe, au upande wa magharibi wa Nungwi. Kama kuna ngalawa, tazama tanga limejaa au limelegea, na ncha ya foromali imo au imekatwa. Ncha ikikatwa, chombo kinaonekana kimevunjika.

Uso ndio mtihani mkubwa. Mchanga mweupe na kanzu nyeupe huidanganya kamera. Inapunguza mwanga, na mtu anageuka kivuli. Kisha mwenye simu anaung'arisha uso kwa programu, unakuwa wa kijivu kama majivu. Ngozi nyeusi si rangi moja. Ina hudhurungi, ina wekundu karibu na masikio, ina mng'ao wa jasho kwenye paji. Tafuta hivyo vyote, na papo hapo uitazame kanzu: mikunjo yake na darizi ya shingoni vionekane. Picha ikikupa uso na kanzu kwa pamoja, aliyeipiga ni fundi, hata kama simu yake ni ya bei ndogo.

Ninayo moja ya Jambiani ambayo huitumia kama mizani. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akitoka kwenye mwani, nikaomba kumpiga.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nijitande kwanza."

Nikangoja. Kwenye picha mkono wake uko kwenye upindo wa kanga, vidole vimekunjamana kwa kukaa majini, na maandishi ya kanga yanasomeka nusu. Macho yanatazama moja kwa moja. Picha ya kuiba utaijua upesi: migongo, nyuso zilizogeuzwa, kiganja kimeinuliwa kuziba. Hiyo usiitundike.

Mji Mkongwe una saa zake. Saa sita mchana, inayoharibu picha za ufukweni, ndiyo inayofaa vichochoroni. Mwanga unashuka hadi chini na kurudishwa na kuta za chokaa. Mlango wa nakshi, hata hivyo, unataka mwanga wa ubavuni. Ukipigwa usoni nakshi zinalala. Mwanga ukitoka pembeni kila ua linasimama. Kuzoesha jicho, nenda Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ukae na picha zake nyeusi na nyeupe. Hazina buluu ya kuzisaidia, na zinajitosheleza.

Ukishachagua, usilipe ukiwa umesimama chini ya taa ya kibandani. Toka na nakala mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Angalia meno na mchanga kama ni vyeupe kweli au vimeingia ubuluu. Fundi mwema atairudia bila kununa.

Kuna picha moja tu ninayoisamehe kila kosa. Kama simu yako ya zamani ina Beit al-Ajaib nzima, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, kabla sehemu yake haijaporomoka Desemba 2020, isafishe hata kama imepinda na mtu kakatwa kichwa. Chukua karatasi nzuri kuliko zote alizonazo fundi, na nyuma yake uandike kwa penseli siku uliyoipiga.